Nimepima kasi ya galaksi yetu kwa tarumbeta la bati: Mei nimepata 70, Oktoba 118. Nimekosea wapi?

#1 Bati_na_Shaba

Salaam wakuu. Mimi ni fundi redio, niko Njombe. Elimu yangu ya anga ni ya kuokoteza, kwa hiyo mnivumilie.

Nilisoma kwamba gesi ya haidrojeni iliyotapakaa kwenye Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu, ule mkanda unaokatiza anga usiku, hutoa wimbi lake lenyewe la redio: megahezi 1420.4, urefu wa sentimita 21. Gesi ikitukimbia masafa yanashuka, ikija kwetu yanapanda, kama honi ya basi inavyobadilika sauti likikupita. Kilomita 100 kwa sekunde ni kama megahezi 0.47. Nikaona masafa hayo hayanitishi, ngoja nijaribu.

Nikamwendea fundi bati anayetengeneza gata za mvua. Akanikunjia boksi la upana sentimita 16.5 na kimo 8.3, limezibwa nyuma. Ndani nimesimamisha kijiti cha waya wa shaba sentimita 5.3, robo ya wimbi. Mdomo nimeutanua kwa maboksi ya friji niliyobandika karatasi ya foili, sentimita 75 kwa 60, likawa kama tarumbeta. Fundi akauliza kama ni mtego wa kunguru. Nyuma yake kuna kikuza mawimbi chenye kichujio cha 1420, halafu kile kidude cha USB ambacho mwanzo kilibuniwa kwa ajili ya kutazama TV kwenye kompyuta. Basi, hakuna kingine.

Nikalenga sehemu ya Njia Nyeupe iliyo nyuzi 30 kutoka kitovu cha galaksi. Huku kwetu sehemu hiyo hupita karibu na utosi, nyuzi 7 hivi kaskazini. Kwa hiyo tarumbeta linakaa uani linatazama juu, nimelichomekea kipande cha tofali upande mmoja, nangoja Dunia inizungushie anga.

Mara ya kwanza Mei 15, saa kumi kasoro alfajiri. Baridi ya Njombe mwezi wa tano mnaijua. Nimekaa na blanketi, programu inajumlisha mawimbi, dakika kumi hivi naona kimlima kinajitokeza kwenye skrini pale ambapo palikuwa tambarare. Wakuu, nilisimama. Gesi ile iko miaka ya nuru maelfu na imeingia kwenye bati la gata! Ukingo wa mbali wa mlima, ule wa gesi inayokimbia kuliko zote, ulikuwa 1420.07. Nikapiga hesabu: kilomita 70 kwa sekunde.

Juzi Oktoba 15 nimerudia. Saa kumi na mbili kasoro jioni, jua halijazama, redio haijali. Bati lilelile, tofali lilelile. Ukingo uko 1419.85. Hiyo ni 118.

Tofauti ya 48! Nimekosea wapi?

#2 Kijiwe_Kahawa

Galaksi imebadilisha gia mkuu, umeikuta mlimani Mei, sasa inateremka.

Halafu niulize swali la kijinga. Wanasema mzunguko mmoja ni zaidi ya miaka milioni 200. Nani alikaa akausubiri umalizike?

#3 Solda_Tupu

Achana na galaksi, angalia hicho kidude chako. Vile vya bei rahisi kioo chake cha masafa huyumba na joto. Nimewahi kukuta kimepotea sehemu 50 kwa milioni. Kwenye 1420 hiyo ni kilohezi 71, sawa na kilomita 15 kwa sekunde. Mei kulikuwa baridi, Oktoba joto. Kesi imekwisha.

#4 Bati_na_Shaba

Mkuu Solda, hilo ndilo nililoliwaza kwanza. Cha kwangu ni kile chenye kioo kilichotulizwa, kosa lake sehemu 1 kwa milioni. Hiyo ni kilomita 0.3 tu. Na hata kingekuwa kile kibovu kabisa kisingefika 48. Nimekipima pia kwa vituo ninavyovijua masafa yake, kimekaa sawa.

#5 Ticha_Kipimo

Bati_na_Shaba, hongera sana. Nafundisha fizikia sekondari mwaka wa 14 na hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuniletea kosa zuri kama hili.

Hukukosea kupima. Jibu umeliandika mwenyewe: Mei 15 na Oktoba 15. Tarumbeta lako limekaa juu ya Dunia, na Dunia inalizunguka Jua kwa karibu kilomita 30 kwa sekunde. Mei alfajiri ilikuwa inakupeleka *kuelekea* kule ulikolenga, kwa kilomita 21 hivi. Oktoba ilikuwa inakutoa, kwa 28 hivi. Jumlisha: 49. Wewe umeona 48. Hiyo moja ni upana wa kalamu.

Yaani kabla hujaipima galaksi umepima mwendo wa Dunia, kwa maboksi ya friji.

Kuna na la pili. Jua lenyewe halitembei sawasawa na nyota jirani zake, lina kimwendo chake cha pembeni, na upande ule uliolenga kinakuja kama kilomita 17. Hicho nacho kirudishie. Kwa hiyo:

Mei: 70 + 21 + 17 = 108.
Oktoba: 118 − 28 + 17 = 107.

#6 Bati_na_Shaba

Nimerudia mwenyewe kwenye karatasi mara tatu. 108 na 107.

Nimemwamsha mke wangu nimwonyeshe. Kasema sawa, zima taa.

#7 Kijiwe_Kahawa

Hahaha shemeji kajibu vizuri.

Lakini ticha, 107 ni kasi ya gesi ikilinganishwa na sisi. Kichwa cha uzi kinasema kasi ya galaksi. Mimi hapo naona bado tumepimana wenyewe kwa wenyewe.

#8 Ticha_Kipimo

Kijiwe, unajifanya mchekeshaji lakini umegusa mfupa. Ngoja nianze na hiyo 107 ni ya wapi, halafu tuje kwako.

Chukua ungo. Ule ufumaji wake una miduara, mmoja ndani ya mwingine. Kitovu cha ungo ndicho kitovu cha galaksi, wewe umesimama karibu na ukingo. Sasa laza njiti ya ufagio kuanzia hapo uliposimama, isielekee kitovuni bali ikengeuke nyuzi 30. Njiti itaikata miduara kadhaa, lakini kuna mmoja wa ndani haitaukata, itaugusa tu na kupita. Gesi iliyo kwenye mguso huo inakimbia kufuata njiti yenyewe, inakuacha mgongo kwa kasi yake yote. Gesi nyingine zote kwenye njiti zinakwenda kwa mshazari, kwa hiyo unaona kipande tu cha kasi yao. Ndiyo maana mlima wako una ukingo: ukingo ni mguso.

Na kwa nyuzi 30 hesabu ni ya kitoto, maana sini yake ni nusu. Huo mduara uko nusu ya umbali wetu kutoka kitovuni. Sisi tuko kiloparseki 8.2 hivi, karibu miaka ya nuru 26,700. Kwa hiyo umepima gesi iliyo kiloparseki 4.1 kutoka kitovuni.

Na sisi wenyewe tunakwenda: kwa nyuzi 30, nusu ya mwendo wetu ndiyo inayofuata njiti, na hiyo haionekani kwenye 107. Kasi yake halisi = 107 + nusu ya kasi yetu sisi.

Na hapo ndipo Kijiwe alipotukamata. Kasi yetu ni ngapi? Tarumbeta haliwezi kusema, hata ukilijenga kubwa kama uwanja wa mpira.

#9 Mwana_Pwani

Niruhusuni ndugu zangu, mimi ni wa baharini, Tanga.

Usiku hakuna mwezi, mko ngalawa mbili mmetega. Mkondo umewachukua nyote wawili. Ukimtazama mwenzio unaona yuko palepale, taa yake haisogei, unasema tumetulia. Kumbe mnakwenda. Utajua siku ukigeuka ukaona mnara wa taa umehama upande. Mwenzio hawezi kukwambia unavyokwenda kwa sababu naye anakwenda. Wa kukwambia ni aliyepigiliwa chini.

Sasa huko juu mnara wa taa ni upi?

#10 Ticha_Kipimo

Shukrani Mwana_Pwani, nitalitumia hilo darasani na sitakutaja.

Minara ipo. Kwanza niseme walivyohangaika kabla ya kuiona.

Mwaka 1927 Mholanzi Jan Oort, akifuata wazo la Msweden Bertil Lindblad, alizitazama tu ngalawa za jirani, yaani nyota za karibu. Akasema kama galaksi inazunguka kwa namna ambayo wa ndani wanawatangulia wa nje, kama wakimbiaji kwenye uwanja wa duara, basi tutaona mpangilio. Ukitazama nyuzi 45 kutoka kitovuni, nyota kwa wastani zinatukimbia. Nyuzi 135 zinatukaribia. 225 zinakimbia tena, 315 zinakaribia. Na ndivyo alivyokuta. Hapo ndipo ilipothibitika kwamba galaksi inazunguka, bila mtu kungoja mzunguko hata mmoja (Kijiwe, swali lako la kwanza hilo). Polisi naye hangoji ufike Mbeya ndipo ajue ulikuwa unakimbiza gari.

Lakini njia hiyo inakupa tofauti za kasi kati ya majirani. Mkondo wenyewe unaukisia.

Mnara wa kwanza ni Sagittarius A*, shimo jeusi lililo kitovuni kabisa, uzito wake kama Jua milioni 4. Ni kitu kizito mno, nyota zinazokizunguka haziwezi kukisukuma huku na huko, kwa hiyo kimetulia pale katikati. Nyuma yake, mbali kabisa nje ya galaksi yetu, kuna kwasa: viini vya galaksi nyingine vinavyong'aa, viko mbali kiasi kwamba kwetu ni kama misumari iliyopigiliwa ukutani.

Sasa sisi tukizunguka, Sagittarius A* inapaswa kuonekana inateleza taratibu mbele ya kwasa, kinyume na tunakokwenda. Mark Reid na Andreas Brunthaler walitumia VLBA, mtandao wa Marekani wa darubini kumi za redio kuanzia Hawaii hadi visiwa vya Virgin vya Karibi, zikifanya kazi kama jicho moja. Matokeo yao ya 2020, baada ya vipimo vya miaka mingi: inateleza milisekunde 6.41 za pembe kwa mwaka.

Hiyo ni ndogo kiasi gani? Wewe uko Dar. Mtu yuko Mwanza, kilomita 850 kwa mstari ulionyooka. Amesimamisha kidole gumba, na kwa mwaka mzima anakisogeza pembeni kwa unene wa kidole chenyewe, sentimita 2.6. Wewe wa Dar unatakiwa uone kimesogea, na useme kwa kiasi gani bila kukosea hata milimita.

Ukishaipata pembe unahitaji umbali. Huo umetoka kwa wale wanaozifuatilia nyota zinazolizunguka shimo lile, hasa S2 inayomaliza mzunguko kwa miaka 16. Kundi la GRAVITY kule Chile 2019 lilitoa parseki 8,178. Kazi ya miaka mingi kwenye nyota hizo ndiyo iliyowapa Reinhard Genzel na Andrea Ghez Nobeli ya 2020, pamoja na Roger Penrose kwa kazi yake ya nadharia.

Zidisha (4.74 ni ya kubadili vipimo tu): 4.74 × 6.411 × 8.178 = 248. Hiyo ni kasi ya Jua, kilomita kwa sekunde. Toa 12, sehemu ya kile kimwendo cha pembeni cha Jua iliyo upande huu wa mzunguko: 236.

Dar hadi Morogoro kwa barabara ni kama kilomita 190. Sekunde moja tu, umepitiliza.

#11 Bati_na_Shaba

Kwa hiyo yangu ni 107 + 118 = 225.

Ila ticha, mahali pengine nimeona imeandikwa 220 kwa kasi yetu sisi. Nikitumia hiyo napata 217. Nishike ipi?

#12 Ticha_Kipimo

220 ni ya mkutano. Mwaka 1985 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliamua kwamba ili watu wasitumie kila mtu namba yake, tuandike kasi 220 na umbali kiloparseki 8.5. Ilikuwa makubaliano ya kazi, nayo yamekaa vitabuni hadi leo. Vitabu vya shule huchelewa, mimi ndiyo nawajua.

Vipimo vya baadaye havikukubaliana vyote pia. Reid na wenzake 2019 walipima vituo karibu 200 vya nyota changa vinavyotoa miali ya redio wakapata 236, toa au ongeza 7. Mwaka huohuo Anna-Christina Eilers na wenzake walitumia nyota kubwa nyekundu zaidi ya 23,000, wakapata 229. Tumia 236 au 229, hakuna atakayekufukuza. 220 ningeiacha ipumzike.

#13 Mswahili_wa_Leiden

Nimeingia baada ya kuona jina la Oort. Niko Uholanzi, huyu mzee huku ni kama mtakatifu.

Ninachotaka kumwambia fundi: hiyo sentimita 21 ilitabiriwa mwaka 1944, nchi ikiwa mikononi mwa Wajerumani, na mwanafunzi aliyeitwa Hendrik van de Hulst. Oort ndiye aliyempa swali. Baada ya vita wakachukua dishi la rada la Wajerumani lililobaki, la mita 7.5, wakaliweka Kootwijk kutafuta wimbi hilo. Moto ukateketeza kipokezi chao. Wakati wanaunda kingine, Mmarekani Harold Ewen, yuko Harvard na Edward Purcell, akalinasa kwanza, Machi 25, 1951.

Na unajua alilinasa kwa kutumia nini? Tarumbeta! La mbao, limevishwa shaba ndani, limechomoza dirishani. Walipewa ruzuku ya dola 500. Mvua ikinyesha linakinga maji yanaingia maabara, na theluji ikianguka wanafunzi wanalilenga madonge. Waholanzi wakathibitisha wiki chache baadaye, na Waaustralia pia.

Kwa hiyo ukiulizwa tena kama ni mtego wa kunguru una la kujibu.

#14 Solda_Tupu

Naondoa kesi yangu. Tuwekee picha ya hicho kijiti cha shaba mkuu, umekishika vipi kwenye soketi? Na mdomo wa 75 kwa 60 unaona upana gani wa anga?

#15 Bati_na_Shaba

Kijiti nimekichomea kwenye pini ya katikati, soketi imeshikwa na skrubu nne. Bati la gata linakubali risasi vizuri ukilisugua kwanza kwa msasa, ukilichomea hivihivi linakataa. Upana ni kama nyuzi 20. Najua ni jicho pana sana, linachanganya miduara ya jirani, kwa hiyo ukingo wangu si kisu. Mnipe kosa la kilomita 10.

#16 Kijiwe_Kahawa

Sawa, nimekubali. Ila kama tunapigwa 236 kwa sekunde, mbona kahawa haimwagiki?

#17 Ticha_Kipimo

Kahawa humwagika dereva akikanyaga breki au akikata kona. Kona yetu ni pana mno. Hata hivyo ipo na imepimwa. Setilaiti ya Gaia ya Ulaya ilizitazama kwasa zaidi ya milioni moja, ikaona zote kwa pamoja zinahama kidogo kabisa kuelekea upande wa kitovu, kwa sababu mwendo wetu unapinda kila mwaka. Upindaji huo ni kama milimita 7 kwa sekunde, kwa mwaka mzima. Kahawa yako iko salama.

#18 Mwana_Pwani

Sisi kitovu hicho kiko upande wa Kausi, katika zile buruji za wazee. Mwezi wa saba na wa nane usiku mkanda ule unanenepa pale, unakuwa kama moshi. Nilidhani ndio uzuri wake tu. Na tunakokwenda ni wapi? Jahazi lina omo na tezi.

#19 Ticha_Kipimo

Omo iko kaskazini, upande wa nyota Deneb. Nyuzi 90 kutoka Kausi ukiufuata mkanda. Kwa Tanga, Septemba jioni, utaiona chini kaskazini, si juu sana. Hatuifuati yenyewe, ni mwelekeo tu wa leo, duara likipinda nao utabadilika.

#20 Mchimba_Mifupa

Mzunguko kwa hesabu zenu unakuwa miaka mingapi? Nauliza kwa sababu zangu.

#21 Bati_na_Shaba

Nimepiga: mzingo wa kiloparseki 8.2, gawa kwa 236. Milioni 213 hivi.

#22 Mchimba_Mifupa

Asante. Basi nakuwekeeni na mimi kipimo cha upande wangu. Mijusi mikubwa ya Tendaguru, Lindi, ile Wajerumani waliyoichimba kati ya 1909 na 1913 wakaipeleka Berlin, ina miaka kama milioni 150. Tangu itembee pale Jua halijamaliza mzunguko, limekwenda asilimia 70 tu.

Lakini kuna Nyasasaurus, mifupa yake ilitoka tabaka za Manda, Ruvuma, si mbali na Ziwa Nyasa. Wamemtangaza mwishoni mwa 2012 kwamba huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, au ndugu yao wa karibu. Yeye ana zaidi ya milioni 240. Tangu enzi za huyo Jua limeshamaliza mzunguko mmoja na kuanza wa pili. Fundi, kutoka Njombe ni mteremko tu hapo.

#23 Kijiwe_Kahawa

Huu uzi mods wasiuhamishe.

Ticha, la mwisho, nimelisikia redioni: kwamba kasi hizi zinaonyesha kuna kitu hakionekani. Ni kweli au ni mambo ya redio?

#24 Ticha_Kipimo

Ni kweli, na ni rahisi kuliko wanavyolisema.

Kwenye mfumo wa Jua, aliye karibu hukimbia, aliye mbali hujikokota. Zebaki kilomita 47 kwa sekunde, Dunia 30, Mshtarii 13, Neptuni 5. Ni kwa sababu uzito karibu wote uko katikati, kwenye Jua. Mwanga wa galaksi nao umekusanyika zaidi katikati, kwa hiyo ungetegemea nyota za nje zijikokote vilevile. Hazijikokoti. Vera Rubin na Kent Ford waliona hivyo Andromeda mwaka 1970, na kwetu ni hivyohivyo: toka ndani hadi mbali, kasi inabaki karibu palepale. Eilers na wenzake walikuta inashuka kilomita 1.7 tu kwa kila kiloparseki. Uzito unaoishika nje ni mkubwa kuliko tunaouona uking'aa. Huo usioonekana ndio wanaouita maada ya giza.

Ila hapa niwe mkweli, pembeni kabisa bado wanagombana. Mwaka 2023 kundi la Jiao na wenzake, kwa data za Gaia, lilisema kuanzia kiloparseki 19 kasi inaanguka kwelikweli, na uzito wote wa galaksi ni kama Jua bilioni 200 tu, pungufu sana ya waliyokuwa wakiyasema wengine. Wengine wanasema njia ya kupima huko nje haiaminiki kiasi hicho. Mimi maoni yangu: huko kwenye kingo bado mapema, nisingeweka dau.

Ndani yetu huku hakuna ubishi. Uzito uliomo kati yetu na kitovu, kwa 236 na kiloparseki 8.2, unatoka kama Jua bilioni 100.

Fundi, wewe unaweza kuliona hili mwenyewe. Inua tarumbeta ulenge nyuzi 50 badala ya 30.

#25 Bati_na_Shaba

Kwa Njombe nyuzi 50 inapita kaskazini zaidi, naona kama nyuzi 24 kutoka utosini. Tofali nusu halitoshi. Nipeni siku kadhaa, hapa mvua za kwanza zimeanza na foili yangu si ya kunyeshewa.

#26 Bati_na_Shaba

Nimerudi. Matofali mawili na jiwe. Foili nimeifunika kwa nailoni ya kitalu cha mboga, mawimbi yanapita kama haipo.

Nyuzi 50, nimetoa mwendo wa Dunia na wa Jua kama ticha alivyofundisha. Ukingo: 53.

Mguso uko 8.2 × 0.766 = kiloparseki 6.3. Kasi = 53 + 236 × 0.766 = 53 + 181 = 234.

Kwa hiyo nina nukta mbili. Kiloparseki 4.1, kasi 225. Kiloparseki 6.3, kasi 234. Kama ingekuwa kama sayari, nimepiga, pale 6.3 ilitakiwa iwe imeshuka hadi 181 au 182. Hata nikijipa kosa la kilomita 10, au 20, haifiki huko.

Picha ya kijiti nimeiweka hapo chini kwa Solda. Fundi bati amekuja jana kuliona linavyofanya kazi, amekaa dakika kumi na mimi tunatazama kimlima kikipanda. Akauliza la pili nataka lini, na safari hii atatoza bei gani.

#27 Ticha_Kipimo

Mwambie alianze leo. Kuna nyuzi 40 hujaipima, na mimi Desemba nikifunga shule napita Njombe.